Isale la Kwenye Chungu

Nyumba ya Wageni ya Doña Refugio,
Pátzcuaro,
Meksiko.

4 Novemba 2025

Mpendwa shangazi Bernadina,

Shikamoo shangazi. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na lile goti lako la kushoto limeacha kukusumbua. Duka linaendeleaje? Mvua za vuli zimeanza? Yule paka wa jirani yako Mwanamwema bado analala juu ya magunia yako ya maharage na wewe bado unajifanya humwoni? Mimi mwili sijambo kabisa, ila kichwa ndicho hakijatulia. Tangu nifike huku nikielewa kitu kimoja, vitatu vinanipita.

Kabla sijaendelea, ndani ya bahasha kuna kitu nimekifunga kwenye karatasi ya kaki. Nakuomba usikifungue mpaka umalize kusoma. Nakujua ulivyo, hapo ulipo mkono umeshakifikia. Kiache kwanza.

Aliyekuletea barua ni Inés, binti wa mwenyeji wangu. Anakuja kutembea Ngorongoro, atafika wiki moja kabla ya Krismasi, nami nimemwelekeza dukani kwako. Mpe chai ya tangawizi. Akikubusu shavuni usiruke kama nilivyoruka mimi. Huku hiyo ndiyo shikamoo yao. Siku ya kwanza mzee wa umri wa babu alinibusu shavu mbele ya mke wake, na mke naye akapanga foleni nyuma yake anibusu.

Unamkumbuka yule bibi aliyepandwa presha ukingoni mwa kreta nikiwa kiongozi wake wa safari, nikamuuguza mpaka akapona? Ndiye huyu Doña Refugio. Doña ni kama sisi tunavyosema mama kwa heshima. Ana nyumba ya wageni ya vyumba vichache kuzunguka ua, na kwa kuwa anajua nataka kufungua yangu hapo Karatu, akanialika nikae naye mpaka Februari nijifunze kazi. Kwa hiyo Krismasi hii sitakuwepo nyumbani. Hilo nitalirudia.

Mji wenyewe ni mdogo na uko juu, asubuhi baridi yake ni ya pale geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro kabisa. Barabara ni za mawe, zinateleza. Nyumba zote, nasema zote, zimepakwa chokaa nyeupe juu na rangi ya damu ya mzee chini, mapaa ni ya vigae, na hata maduka yameandikwa kwa herufi za namna moja. Mtu utaijuaje nyumba yako? Mimi nimeshaingia kwa watu nikavua viatu, nikaketi, ndipo nikaona picha ukutani siyo ya mume wa Doña Refugio. Wenye nyumba wakaniletea uji wa mahindi. Nikanywa, nikashukuru, nikaondoka. Ungefanyaje?

Halafu Inés akaniambia kwa fahari kwamba huu ni mji wa kikoloni. Shangazi, alisema vile kama mtu anayesifia mahari ya dada yake. Sisi boma la Wajerumani tunawaonyesha wageni haraka haraka, tunapita. Hawa wanaupaka mji rangi, wanaufagia, watu wanatoka mbali kuja kuupiga picha. Nikamuuliza, wakoloni si waliondoka? Akasema waliondoka. Akafikiri kidogo, akasema hawakuondoka wote, babu zake wengine ndio hao hao, na wengine ndio waliobebeshwa mawe. Sasa hapo unampa mtu pole au hongera?

Nami kuwa mgeni kumenishinda. Nimezoea kuonyesha, siyo kuonyeshwa. Tulitembezwa mjini na kijana mwenye mwavuli mwekundu, nikajikuta nawahesabu watu wa kundi kila tukivuka barabara, na mmoja alipochelewa kwenye duka la vinyago nikaenda kumvuta mkono. Yule kijana alinikasirikia.

Kituko kingine ni mezani. Sisi tukila, mtu akipita tunamwambia karibu. Hapa ni kinyume, anayepita ndiye anayekusemea neno la kukutakia mlo mwema wewe unayekula. Mimi nikajua wananung'unika njaa. Wazee wawili, mtu na mkewe, walipopita wakanisemea hilo neno, nikasogeza viti, nikasema karibuni, nikawashika mikono mpaka wakaketi. Walikuwa wametoka kula meza ya jirani, maskini, wameshiba! Wakala tena kwa heshima yangu. Inés alicheka mpaka akashika mbavu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, shangazi.

Asubuhi moja nimefungua mlango wa chumba changu nikakuta isale. Isale! Siyo jani moja, mmea mzima uko kwenye chungu, umesimama mlangoni kwangu. Jana yake haukuwepo. Yelewii, nilisimama pale tukitazamana. Nikajiuliza Doña Refugio amenikosea nini. Nikakumbuka supu ya pilipili aliyonipa ikanitoa machozi na yeye akacheka. Lakini mtu anatuma isale kwa ajili ya supu? Na mambo ya Wachagga amefundishwa na nani?

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayeletewa isale la kuombwa radhi hakatai, hata awe amekosewa nini, na akikataa kosa linamhamia yeye. Nikaogopa. Nikanawa uso, nikajifunga kitenge, nikaenda jikoni, nikamshika yule mama mikono yote miwili, nikamwambia kwa Kihispania changu cha kuungaunga kwamba nimemsamehe, na yaishe.

Aliangusha mwiko. Akamwita Inés kwa sauti. "Anasema ametusamehe! Tumemfanya nini?"

Kumbe ni baridi tu. Chungu hukaa katikati ya ua, na usiku ule baridi ilizidi, Inés akakisogeza chini ya paa, na paa lenyewe liko mlangoni kwangu. Kwao hilo ni ua la mapambo tu, linauzwa sokoni. Baada ya hapo ndipo macho yakafunguka. Masale yako benki, yako kwa daktari wa meno, yako kwenye ngazi za nyumba ya padri. Mji mzima umejaa masale na hakuna anayemwomba mtu radhi.

Nilipowaeleza maana yake, Doña Refugio hakucheka tena. Aliniuliza, kwenu ungempelekea nani? Unajua nani alinijia kichwani.

Usiikunje barua, shangazi, nakuomba. Kwenye simu nikitaja baba unakata. Ndiyo maana nimeandika, barua haina kitufe.

Najua alichokosa, na simtetei. Aliuza kihamba cha Kibosho, shamba la ukoo wetu, bila kukuuliza wewe dada yake mkubwa, na bibi amelala pale. Aliyenunua ameng'oa masale yote ya mpakani akajenga ukuta, na sasa ukitaka kumsalimia mama yako kaburini unapiga hodi getini kwa mtu. Ulilia mbele yangu siku ile na mimi nililia. Ukaapa hutakanyaga kwa baba. Ndugu yangu Dickson alipokuja kukusihi ukamwambia, "Kaka yenu mkubwa huyo aniletee isale la kihambani kwetu, hapo nitakuja." Ulimwita baba kaka yetu mkubwa, kwamba hana akili za mtu mzima. Na ulijua isale la kihambani halipo tena.

Baba pale Karatu hajapanda hata moja. Anasema hana uso wa kulipanda.

Krismasi wenzetu wote wanapanda Moshi, mtaa unabaki mtupu, na baba anabaki anachinja mbuzi wake. Sehemu yako anaitenga kabla mtu hajaonja, anaitundika jikoni. Mwaka jana ilikaa pale mpaka ikaanza kunuka. Nilitaka kuitoa akanizuia. Akasema, "Iache. Dada anaweza kuchelewa."

Ndiyo maana juzi nilivurugika. Ilikuwa siku ya marehemu wote. Sisi tunakwenda misa, tunafyeka makaburi, tunarudi. Hawa wametandika meza sebuleni, mikate, matunda, maua ya njano, picha ya mume wa Doña Refugio, na sahani ya nyama aliyoipenda, ya moto kabisa. Nikauliza nani ataila. Wakasema atakuja mwenyewe. Nikatafuta utani usoni mwao sikuuona. Doña Refugio akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa kanga yake ya begani, akakiacha wazi.

Nikatoka uani nikalia. Wao wakadhani namlilia mzee wao, wakaja wakanikumbatia wote. Sikuwa namlilia. Nilikuwa nawaza, huyu amekufa na hawana wasiwasi kwamba atafika. Wewe uko hai, shangazi. Kutoka dukani kwako mpaka kwa baba ni kuvuka lami tu. Na hufiki.

Jana asubuhi nikampigia baba simu ya video, huko ilikuwa jioni. Nilimsimulia ya isale mlangoni kama kichekesho, nikitegemea acheke. Hakucheka. Akauliza, "Yanafanana na ya kwetu?" Nikageuza simu nikamwonyesha. Akasogeza uso mpaka ukajaza kioo chote cha simu.

Halafu akasema, "Nikatie moja, la katikati. Lakini mwombe mwenyewe kwanza."

Nilitaka kumjibu kitu hapo, baba anayeniambia nimwombe mwenyewe kwanza. Nikameza. Nadhani na yeye alisikia alichokisema, maana aliinamisha uso.

Nilimwomba Doña Refugio. Alileta mkasi mwenyewe, akalikata jani mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili bila mimi kumfundisha. Lakini isale la kuombea radhi hufungwa fundo, na fundo likanishinda. Nilifunga, likawa kama la mfuko wa sukari. Basi baba akavua kamba ya kiatu chake, akaishika mbele ya simu, akaniambia nimfuate. Yeye anafunga kamba Karatu, mimi nafunga jani huku. Alisema hivyo ndivyo bibi alivyokuwa anafunga, ncha inapita chini kisha inarudi kumtazama mtu. Alilifungua na kulifunga tena mpaka langu likafanana na lake, shangazi. Akaniambia, "Mwambie dada nimetuma mimi. Usimwambie lingine."

Nimekuambia na mengine. Mtanisamehe wote wawili.

Sasa nimechanganyikiwa kweli kweli, na hakuna wa kuniambia ila wewe. Jani limekatwa na mtu asiyejua Kibosho iko wapi. Siyo la kihambani, siyo la Karatu. Limepita mikononi mwa mtoto, na mimi najua mtoto hapatanishi wakubwa. Uwanja wa ndege Inés akiulizwa atasema ni alama ya kitabu. Lakini aliyeliomba ni mdogo wako, na fundo ni lake, vidole tu ndivyo vyangu. Je, hilo ni isale, au ni ua tu la kwenye chungu? Nimewaza mpaka nimechoka, sijui.

Fungua sasa.

Litakuwa limekauka na rangi imegeuka. Ukiona ni ua, usijali, mpe Mwanamwema aliweke dirishani, sitakulaumu na sitakuuliza tena. Ukiona ni isale, hakuna la kukuambia, unajua mwenyewe. Mbuzi atachinjwa asubuhi ya Krismasi. Dickson yuko bandarini, hajapata likizo. Mimi ndio huyu nimekwama huku. Baba atakuwa peke yake na ile nyama.

Nisalimie Mwanamwema na paka wake. Nisalimie Omary wa bucha, mwambie nyama ya huku wanaikata nyembamba kama karatasi, atashangaa. Angel mwambie asome, na zawadi yake anayo Inés, asianze kumpekua mgeni kabla hajakaa. Usibebe magunia mwenyewe, wapo vijana. Mungu aliyetulinda tangu Kibosho mpaka Karatu akulinde na hilo goti, akupe usingizi mzuri na asubuhi isiyo na maumivu.

Ni mimi mtoto wa mdogo wako, ninayekupenda hata ukinikatia simu,

Eliaichi

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, baba amepiga tena, nimeifungua. Anauliza goti lako linaendeleaje. Anasema siku hiyo usivuke lami peke yako, magari ya wageni yanakimbia sana. Usimame tu upande wa duka. Yeye atakuwa amesimama upande wa pili tangu asubuhi.