Milamula Imehama Mpakani

Buganguzi, Alhamisi. Mvua imekatika alfajiri, migomba bado inadondosha maji, na mimi nina hasira.

Asubuhi nilikwenda kuchuma kahawa yangu upande unaopakana na shemeji yangu Rwechungura. Kibanja chetu na chake vinatenganishwa na mstari wa milamula, ule mti mdogo wa msituni wenye matunda mekundu ambao huku kila mtu huupanda mpakani. Leo nimekuta mstari umeingia ndani kwangu. Mibuni yangu ya upande ule yote sasa iko kwake.

Naye alikuwa amesimama pale pale, akanisalimia vizuri kabisa. Eti mpaka ulikuwa hapo tangu enzi za baba yao, yeye na mume wangu!

Mume wangu alikwenda Burma na jeshi la Mwingereza, hakurudi. Mwanawe bado namfunga mgongoni, na kibanja hiki ni cha mtoto huyo. Kikimegwa leo, akikua atadai wapi?

Basi nikaanza kuangalia chini.

Mashimo alikoing'oa ameyafukia vizuri, hilo nampa. Alijua pia kwamba mlamula ukiuchomeka popote hushika. Ila kwa haraka yake amesahau kwamba huu ni msimu wa milamula kuiva. Matunda yamelala chini, mekundu, kwenye mstari wa zamani, kutoka njiani hadi bondeni. Chini ya milamula yake ya leo hakuna hata moja.

Nimeyafunika kwa majani ya migomba, kuku wasiyale.

Mama mkwe alinikuta nikifunika. Aliyatazama matunda, akasema, “Mwana wange, yaache. Watu watatucheka.” Nampenda mama huyu. Mume wangu na shemeji wote wawili aliwazaa yeye, na mmoja tu ndiye aliyebaki. Namwonea huruma kweli.

Lakini sitayaacha.

Naogopa, sitajidanganya. Barazani kwa mkungu, mkuu wetu wa kijiji, wanawake hukaa pembeni wakisemewa na kaka zao. Kaka yangu ni rafiki wa shemeji, atayalainisha maneno mpaka yaishe.

Kesho asubuhi namfuata mkungu aje aone kwa macho yake, kabla mvua haijayasomba matunda yale. Nitasema mwenyewe. Nikitetemeka, nitasema hivyo hivyo huku natetemeka.