Jina Ulilotaka Lizikwe

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako nimeizoea mno, hata kalamu imesimama kidogo ikiisubiri.

Huku Matogoro mahindi yako nimeshayavuna. Watani wako wa Kingoni hawajakuacha hata kaburini: "Rustamu shujaa, debe moja la mahindi lilimtoa jasho." Ulikuwa ukicheka kuliko wao. Ulisema babu alilisikia jina hilo kwa mwenye duka mmoja kule Tunduru, mtu wa asili ya Uajemi, akalipenda kabla hujazaliwa. Hakujua utakuwa mwembamba hivyo.

Sisi tulikua na hadithi yake. Rustamu wa Uajemi, mwenye nguvu za simba, alipigana vitani na kijana asijue kuwa ni mwanawe, akaja kumtambua ameshamchoma, kijana anakata roho. Lakini tangu kaka Salumu alipooa kule Namtumbo bila kukuarifu, nawe ukasema mbele ya watu, "Huyo simjui," hukuimaliza tena hadithi hiyo. Ulikuwa ukiishia pale wanapokutana, kisha unaomba maji ya kunywa.

Miaka sita, Baba. Yeye hakuja, wewe hukumwita. Wiki ile ya mwisho ukaniambia mimi peke yangu: "Jina langu lizikwe nami. Lina mkosi. Asipewe mtoto." Na wiki hiyohiyo, kila pikipiki ilipopanda mlima, uliuliza, "Nani huyo?" Nilijua unamsubiri nani.

Sasa nakiri. Siku ya arobaini yako Salumu alikuja na mkewe na mtoto wao wa kiume, mchanga, hajapewa jina. Baba mkubwa akampakata, akauliza kama ilivyo desturi, "Marehemu aliacha neno lolote kuhusu jina lake?" Akanitazama mimi, maana ndimi niliyekuuguza. Nikasema, "Hakuacha." Nilisema uongo mbele ya wazee, misahafu bado imefunguliwa. Inaniuma mpaka leo.

Akaitwa Rustamu.

Bado wapo hapa nyumbani. Unajua kwetu mzazi hamwiti mwanawe jina la babu hivihivi. Jana asubuhi nilikuwa uani napepeta, nikamsikia Salumu ndani akimbembeleza mtoto: "Nyamaza, Baba. Nimekuja, Baba." Neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa miaka sita. Niliweka ungo chini nikalia, nikamaliza, nikaendelea na kazi.

Kama nimekukosea, nisamehe. Hukumu yangu nitaipokea tukionana, Inshallah. Nakuahidi kitu kimoja: mjukuu wako nitamsimulia hadithi ile mpaka mwisho, sitaikata. Na akiniuliza kama babu yake naye hakumjua mwanawe, nitamwambia alimjua, hata kwa mlio wa pikipiki isiyo yake.

Pumzika, Baba. Mtoto ameamka, na mwanao ameshaanza kukuita.

Binti yako,
Hadija