Alfajiri Ambayo Baba Hakukohoa

Touria, usinisubiri. Nimempeleka baba yako hospitali. Kachukue chungu cha nyama alichokifukia jana kiive kwenye majivu ya tanuri analochochea kupasha maji ya kuogea ya hamamu, na ujizibe pua. Moshi ule ndio uliomfikisha hapa.

Leo alfajiri hakukohoa, tukalala fofofo. Nilipoamka nikamkuta amekaa kitandani anatweta, midomo ya buluu, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Daktari alishamwambia kifua hiki kitauchosha moyo, yeye akajibu ni kikohozi cha kazini tu! Mkaidi huyo.

~~Usimwambie bibi.~~ Mwambie, asije akasikia kwa majirani.

Na akirudi akaanza kukohoa, ole wako ukisema tena, "Baba, tuache tulale."

Mama yako