Namba Moja kwa Kaya Arobaini na Moja

S.L.P. 38,
Newala.
14 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Cuthbert,

Marahaba, kwa ile shikamoo uliyonitumia kwenye simu ya mwanangu Nancy. U hali gani na baridi ya huko Finland? Unakula vizuri? Sisi ni wazima. Mama goti limepungua kuuma, na Jumapili alitembea mwenyewe hadi kanisani, akakataa hata kushikwa mkono. Shemeji yako yuko Lupaso, anasafisha chini ya mikorosho kabla korosho hazijaanza kuanguka.

Maji bado ni yale yale. Tangi la mvua lilikauka Julai, sasa tunategemea kioski cha maji tu.

Barua hii nimempa mkononi Sia, mtafiti mwenzako wa mambo ya jamii, kwa kuwa anakuja huko kwenye mkutano wenu. Nimeandika kwenye karatasi makusudi. Kwenye simu ungenikatisha kwa utani wako, na jambo lenyewe si la utani.

Utafiti wenu ulianza vizuri hapa. Chuo kiliwakusanya watu wa kompyuta, wa maji na wa jamii ili mjue habari inavyosafiri kutoka kwenye simu hadi kwenye ndoo. Mwezi Mei Dastani, yaani Baba Felix, alipita na dodoso kaya zote arobaini na moja za mtaa wetu, akichukua namba za kutumiwa ujumbe maji yakifunguliwa kioskini. Mimi ndiye niliyewaambia akina mama watoe namba yangu. Simu majumbani zipo, lakini asubuhi zinaondoka na akina baba kwenda shambani. Mimi naishi hapa hapa shuleni. Ujumbe ukiingia nagonga kengele mara tatu, ndoo zinatoka. Juni nzima mambo yalikwenda hivyo, na nikajiona mtaalamu.

Julai ujumbe ukakatika. Baba Felix naye akaacha kuonekana na ule mkoba wa chuo. Nikadhani mkataba wake umeisha, sikuuliza.

Wiki iliyopita Sia aliipiga ile namba, nikapokea mimi. Ndipo nikajua kwamba umeipanga kompyuta hivi: namba ikijirudia zaidi ya mara tano, basi mdodosaji kajijazia majibu mwenyewe. Kwa kanuni hiyo mtaa wetu ulifutwa kwenye orodha ya ujumbe, na Baba Felix akaachishwa kazi kwa kughushi. Taarifa ya utafiti ina jina lake na sahihi yako. Cuthbert, miezi miwili, na wasomi wote hao, hakuna aliyefikiria kuipiga namba yenyewe, wala wewe hukuitazama ukajua ni yangu. Nilikasirika mpaka nikashindwa kusahihisha madaftari.

Halafu hasira ikanigeukia mwenyewe. Nilikwenda kwa Baba Felix, nikamkuta anashona magunia, nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

“Ningekutaja, Mwalimu, wangeuliza ni mwalimu gani,” akasema. “Wangekuta ni dada yake Cuthbert, waseme mmepika takwimu kindugu. Na yeye bado anasoma.”

Akanikaribisha chai. Mkewe ndiye aliyeniambia kwamba tangu Julai mumewe ameomba kazi ya udodosaji mara mbili, na kote wameshasikia kwamba ni mghushi. Mtu huyu alizunguka mtaa mzima kwa miguu, na kila alichoandika kilikuwa kweli. Niliinywa chai ile kwa aibu.

Sia anasema aliyeandika kanuni ndiye anayeweza kuiondoa taarifa hiyo, na mkutano huu ndio wa mwisho kabla haijachapishwa. Basi simama useme ulikosea. Sema pia kwamba namba ni yangu na mimi ni dada yako, wasije wakaligundua wenyewe baadaye. Najua shahada yako imo humo humo na umeihangaikia miaka minne. Nakuonea huruma kweli, lakini siwezi kukuambia vingine.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae soksi. Nancy na shemeji yako wanakusalimu pia. Baba Felix hajatuma salamu. Alinikataza kukuandikia.

Mungu akulinde, na siku ya mkutano akupe kinywa cha kusema.

Dada yako akupendaye,
Lois