Ndege Wako Ukutani kwa Mama

Malambo,
Bariadi.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Joyceline,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo huko Ekwado? Kile kikohozi cha ukungu wa milimani kimekuacha? Sisi wazima, na miguu ya mama imetulia wiki hii. Naandika kwa mkono kwa sababu neno hili siliwezi kwa simu.

Ile picha uliyonitumia ya ndege unayemchunguza msituni niliisafisha studio, mama akaitundika ukutani, pale palipokuwa na picha yangu ya harusi. Yangu sasa iko juu ya kabati. Wanawake wakija kutusaidia kuchambua pamba, hawakai kabla ya kuonyeshwa ndege wa Joyceline, mdogo kama dole gumba, anayenyonya maua huku anaelea hewani. Mimi niliyewapikia, hakuna anayeniuliza habari.

Tena ulimwambia mama kwamba huwa mnawatundikia ndege hao maji ya sukari. Basi akachukua sukari ya chai, akatundika kikopo kwenye mti wa uani. Siku ya tatu akaniita mbio, eti ndege wako amefika. Alikuwa ndege chozi, Joyceline, mnyonya maua wetu yuleyule wa kila mwaka. Nikamweleza kwamba wale wa huko hawavuki bahari. Akasema hata kama, anamkumbusha wewe. Niliona wivu, sifichi.

Ndipo nikafanya kosa. Kwa kuwa simu yako haishiki kila siku huko msituni, mama alirekodi ujumbe kwenye simu yangu, kwa Kisukuma, akaniomba nikutumie. Sikuutuma. Wiki mbili ananiuliza umejibu nini, nami namwambia mtandao unasumbua. Jana nikausikiliza, nikidhani anakulilia urudi. Baada ya salamu anasema:

"Mwanangu, usiharakishe kurudi kwa ajili yangu. Nilikuruhusu uende mbali kwa sababu Anyes yupo. Asingekuwepo, nisingethubutu."

Nimeurudia mara nne. Miaka sita naishi naye, hajawahi kuniambia hivyo.

Nautuma leo, kwa hiyo barua hii itakukuta umeshausikia. Nisamehe. Usimwambie kwamba niliuchelewesha.

Mjomba Bujiku, binti yake Violeth na watu wote wa kijijini Nassa wanakusalimu. Mungu akutunze kwenye ukungu huo.

Ukimpigia mama, mwombe ayarudie maneno yale, mimi nikiwa nimekaa hapo karibu.

Dada yako akupendaye, pamoja na wivu wake,
Anyes