Wachanga Wanaolala Juu ya Miiba

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kinachonisumbua ni usingizi tu. Goti lako je, limekuachia?

Usininunie kwa kutokuja likizo tena. Siku hizi ninalea, mama. Na wachanga wangu wana vituko! Nikiwatandikia pahali laini hawashiki, wananyong'onyea. Nimewalaza juu ya miiba ndipo wakatulia. Sithubutu kumwachia mtu mwingine awalishe.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linauma kwa zamu.

Wachanga! Mapacha, nawe kimya? Baba yao nani? Haya, hayo tutayamaliza ukija. Kumbe nilikuwa nakulaumu bure, mlezi haondoki ovyo. Lakini miiba ndiyo nini, mwanangu? Hata kuku hutafutia vifaranga wake majani makavu. Nimemwambia shangazi yako, naye amewaambia wote waliobaki. Jina moja nimeshalichagua.

Mama yako, sasa bibi

9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, ulikuwa utani wangu wa kazini. Si watoto. Ni seli za neva, chembe hai zisizoonekana kwa macho. Tunazikuza maabarani juu ya kibamba chenye vinguzo vyembamba kuliko unywele, hiyo ndiyo miiba. Zikishika vizuri, tutaweza kuzisikia zinavyopelekeana umeme, na huenda siku moja mkono uliopooza ukaamka. Nasema "ninalea" kwa sababu kutwa nzima sina mwingine wa kumwita mwanangu.

Sina mtoto, mama. Barua yako niliisomea chooni kazini nikalia, maana kwa dakika chache nilikuwa nao.

Binti yako

30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kilichougua ni kiburi changu, ndiyo maana ya kimya hiki. Shangazi yako alinicheka mpaka akapaliwa. Nikamnunia yeye, nikamaliza, nikakununia na wewe.

Kazi yako ni nzuri. Huo mkono ukiamka, nitajidai mpaka watu wanikimbie.

Lakini acha niseme kweli. Mjukuu nilimtaka, ila si kwa ajili yake mwenyewe. Nilidhani watoto wakianza kuuliza bibi yuko wapi, utafunga mizigo uje. Sasa hakuna wa kukuita ila mimi peke yangu.

Je, natosha?

Mama yako