Ombi Uliloitikia Amina

Jerusa rafiki yangu,

Wamenipa kazi yako. Tangu Jumatatu mimi ndiye supavaiza wa laini ya tatu ya kupakia maua, na koti la bluu ni lile lile lako, maana saizi yangu haikuwepo stoo. Linanibana mabegani. Wasichana wananiita madam kama walivyokuita wewe, na mimi naitika bila aibu.

Usidhani nimekuja kulia. Nimeshalia ya kutosha, na nusu ya machozi yale ilikuwa hasira.

Unakumbuka dakika zetu kumi za mwisho za lanchi, nyuma ya stoo ya makatoni, tumeshikana mikono na gamubuti zimelowa? Ulimuuliza Mungu kila kitu. Uhamie ile nyumba ya mtaa wa Kamere yenye stima au ubaki karibu na barabara. Umjibu yule fundi wa pampu au umwache na meseji zake. Siku moja ulimuuliza kama ununue omena au maharagwe, nikacheka katikati ya maombi, ukanifinya. Ulisema Mungu akikubali jambo kifua kinatulia, akikataa unakosa amani. Kifua changu hakijawahi kuniambia kitu, kwa hivyo nilitumia chako.

Ndiyo maana nafasi ya supavaiza ilipotangazwa nilikuambia wewe peke yako kwamba naitaka. Tukafunga siku tatu. Siku ya tatu ukaniangalia kwa huruma, ukasema, "Dada, mimi sina amani na hiyo maneno. Wacha ikae kwanza." Nikaiacha ikae. Barua ya kuomba kazi niliyokuwa nimeandika ikabaki chini ya godoro. Wiki mbili baadaye ukaingia laini ya tatu umevaa bluu. "Hata mimi nimeshtuka," ukaniambia. "Ni Mungu tu amefungua hiyo mlango."

Mwongo wewe. Au labda hukudanganya. Labda amani uliikosa kweli, kwa sababu uliitaka kazi ile kuliko mimi, na ukadhani ni Mungu. Sitajua kamwe, na kufa kwako bila kuniambia ni ukatili.

Sikugombana nawe. Niliendelea kuja nyuma ya stoo, nikakushika mkono, nikaanza kuomba lile ombi ambalo kila mtu kanisani analijua: "Bwana, ondoa kila kizuizi kilichosimama mbele yangu." Kizuizi kilikuwa wewe. Nawe ulifumba macho ukaitikia, "Amina, Bwana, ondoa," kwa sauti kubwa kuliko yangu. Kila siku ya kazi, mwezi mzima. Nilikuwa nakuchungulia, Jerusa, na nilisikia raha.

Sikuomba ufe. Nilidhani atakupeleka Nakuru kwa binamu yako mwenye duka la nguo, au atakupa bwana wa mbali. Lakini njia sikumweleza. Nilimwachia mwenyewe.

Jumamosi ile ukashuka ziwani kufua blanketi. Watu wa mashua wanasema walikupigia kelele kwamba kuna kiboko kwenye matete, na ulianza kukimbia, kisha ukarudi kuchukua beseni. Beseni, Jerusa! Hilo hukumuuliza Mungu?

Tulikupandisha Olenguruone kwenye matope, tukakuzika kwenu. Niliimba kuliko wote. Na sasa mchungaji ananitaka nitoe ushuhuda Jumapili, jinsi Mungu alivyonijibu maombi kwa wakati wake. Tayari ameshaandika jina langu kwenye ratiba.

Nilishindwa kulala na hilo. Jana nikachukua ofu kazini, nikapanda mpaka kwa mama yako. Nilimkuta uani akichagua viazi vya mbegu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kazi, kufunga, ombi langu, na wewe ulivyokuwa ukiitikia. Nilitaka anipige. Nilitaka achukue kiatu anifukuze mpaka barabarani, niteremke nikiwa nimelipa.

Hakuinua hata kichwa. Aliendelea kuchagua, vikubwa huku, vidogo huku. Halafu akasema, "Hata mimi nilikuwa naomba. Kila asubuhi naambia Mungu arudishe Jerusa nyumbani, nimechoka kukaa peke yangu." Akanyoosha mkono wenye udongo kuelekea kaburi lako. "Si amerudisha?"

Akaniletea chai. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kunywa chai ambayo hakuna mtu aliyeiombea. Tuliinywa, mvua ikaanza, nikamsaidia kuingiza viazi. Hakuniambia nirudi, wala hakuniambia nisirudi.

Basi, Jerusa, lala. Mama yako nitampandia viazi msimu huu, atake asitake. Na Jumapili nitasimama kama ratiba inavyosema, lakini nitawaambia ni nani niliyekuwa namwita kizuizi, na jina lako nitalitaja. Kazi wakitaka waichukue, kanisani wakitaka wanitoe. Hayo nakuahidi. Kukusamehe sikuahidi. Nimejaribu tangu asubuhi, na bado nakuchukia kidogo, na hakuna mtu mwingine ninayetaka kumwambia.

Wako,
Chepkoech